UZI: Shemeji karudi toka Norway, malaria imemlaza siku nne. Mama mkwe ana vimelea vilevile na anapika pilau. Kwa nini?

#1 MtuWaDarubini

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa maabara katika hospitali moja huku mkoa wa Tanga. Mwaka wa kumi na tano huu nachungulia damu za watu. Si daktari, msije mkaniomba dozi.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya mdogo wake mke wangu, Muheza. Kaka yao mkubwa akaja toka Norway. Huyu kazaliwa Muheza, kakulia Muheza, kaondoka ana miaka 24, na kwa miaka kumi na moja alikuwa hajakanyaga nyumbani. Mke wangu akamfungia chandarua. Jamaa akacheka: "Mimi mtoto wa hapa, mbu wa hapa wananijua."

Siku ya kumi na mbili homa ikamshika. Kituo cha kwanza alikopelekwa wakamwambia ni uchovu wa safari na mkojo mchafu, wakampa vidonge, akarudi kulala. Usiku uliofuata akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Asubuhi akaletwa kwetu. Nikamtoboa kidole mwenyewe, slaidi nikaipaka mwenyewe, nikaimwagia rangi ya Giemsa, nikakaa nasubiri ikauke huku mke wangu kasimama dirishani hasemi kitu. Tone la mafuta, lenzi ya mia. Wakuu, kila nilipohamisha slaidi nakuta vijipete. Chembe hii vijipete viwili, ile vitatu, utadhani sonara kamwagikiwa na sanduku. Akalazwa, sindano za artesunate, siku nne.

Sasa kisa chenyewe. Mama mkwe, miaka 68, alikuja kumuuguza mwanawe. Akasimama mlangoni kwangu na chupa ya uji: "Na mimi nitoboe, mwanangu, nijue hiyo mashine yako haisemi uongo." Nikamtoboa kwa kumridhisha. Nikahesabu hadi chembe nyeupe 500, nikapata vijipete vitatu. Vichache, lakini ni falciparum ileile, kimelea cha malaria kali. Mama hana homa, kichwa hakimuumi, na usiku wa harusi alisimamia masufuria manne ya pilau peke yake.

Dawa mseto nilimpa. Alizimeza kwa kunistahi tu, maana aliniambia wazi kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Mama na mwana, damu moja, nyumba moja, pengine hata mbu ni huyohuyo. Mmoja kalala wodini, mwingine anapika. Niliulizwa maswali mengi wodini siku zile, nikaahidi nitaandika. Vuteni viti.

#2 Chapati_Mbili

Naweka kambi hapa. Chai iko jikoni.

#3 KonaYaMwisho

Jibu rahisi mkuu. Shemeji yako damu imeshakuwa ya baridi. Funga uzi 😂

#4 Mwanafunzi_wa_Bios

Mkuu mimi niko kidato cha sita. Tumefundishwa mwili ukipambana na ugonjwa mara moja unabaki na kumbukumbu. Surua ukiumwa utotoni hairudi tena. Huyu shemeji si aliumwa malaria utotoni mara nyingi tu? Kumbukumbu ilikwenda wapi?

#5 MtuWaDarubini

Mwanafunzi umegonga palepale. Surua na malaria ni wezi wawili tofauti kabisa, na nitaeleza kwa kanga.

Surua ana kanga moja tu. Mwaka jana kavaa hiyo, mwaka huu hiyo, na miaka hamsini ijayo atakuja nayo hiyohiyo. Mwili ukishaisoma jina lake umemaliza, akirudi anakamatwa getini.

Kimelea cha falciparum ana sanduku. Ndani ya sanduku mna kanga kama 60, yaani jeni kama 60 za kundi linaloitwa var, ambazo wanasayansi walizitambua mwaka 1995. Akishaingia ndani ya chembe nyekundu anatoa moja tu, anaitandaza juu ya ngozi ya chembe. Hiyo kanga ni protini, na ina kazi: inanata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Kwa nini anate? Kwa sababu akielea na damu atapitishwa kwenye bandama, na bandama ni mchujo, itamkamata. Sasa mwili unaanza kutengeneza kingamwili za kuikamata hiyo kanga. Wiki inapita, kingamwili zimejaa, vimelea wanaanza kuisha. Wachache kati yao wameshabadilisha, wamevaa ya pili. Mwili unaanza upya.

Na hapo tunaongelea sanduku moja. Kimelea wa mbu wa jirani ana sanduku lake, na kanga zake hazifanani na za huyu. Kwa hiyo mtoto wa Muheza anazisoma moja moja, kila homa majina mawili matatu, mwaka kwa mwaka. Akifika ukubwani ameshaona karibu kila toleo lililopita mtaani kwao. Mama mkwe wangu ukimwonyesha kanga yoyote ya kuanzia enzi za Mwalimu anakutajia jina lake kabla hujaikunjua. Na damu yake iko hivyohivyo kwa vimelea.

Hili la watu wazima kutoumwa si jipya. Daktari Mjerumani Robert Koch mwaka 1900 alikuwa New Guinea anapima damu vijijini. Akakuta watoto wadogo wamejaa vimelea, na wakubwa hawana, au wanavyo kidogo sana. Akaandika kwamba hawa wamepata kinga kwa kuishi na ugonjwa. Alichokuwa hakijui ni kwamba kinga hiyo imekaa wapi.

Jibu likatoka Gambia mwaka 1961. Cohen, McGregor na Carrington walichukua damu ya watu wazima wa Gambia, wakatoa ile sehemu yenye kingamwili tu, gamaglobulini, wakawachoma watoto wadogo waliokuwa wanaumwa malaria. Vimelea wakaporomoka ndani ya siku chache. Kwa hiyo kinga ilikuwemo ndani ya maji ya damu, na ingeweza kubebwa kwenye chupa. Halafu wakafanya kitu ambacho mimi binafsi kinanifurahisha kuliko vyote: mwaka 1963 wakatoa ripoti kwamba kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwasaidia watoto wa Afrika Mashariki. Yaani wazee wa kule walikuwa wanazitambua hata kanga za huku.

Na mwaka 1998, Kilifi, pwani ya Kenya, kikundi cha watafiti Peter Bull na Kevin Marsh wakatoa ushahidi wa hili la kuvaa na kubadilisha. Walikuwa na damu ya watoto iliyochukuliwa kabla hawajaumwa. Mtoto akiumwa, wanachukua vimelea wake, wanawapima na ile damu yake ya zamani. Wakakuta kwa kawaida kimelea aliyemlaza mtoto amevaa ile ambayo damu ya mtoto huyo ilikuwa haijaisoma. Vimelea wa watoto wengine iliwatambua, aliyemlaza haikumtambua. Mwizi kaingilia dirisha lisilo na nondo.

Mwanafunzi, kumbukumbu za shemeji zilikwenda wapi, nakuja.

#6 Chapati_Mbili

Chai imepoa sijainywa.

#7 TangawiziOriginal

Wakuu msipoteze muda na historia. Mimi nauza mchanganyiko wa tangawizi, kitunguu swaumu, mlonge na asali, UNAPANDISHA KINGA ndani ya siku 7. Njoo inbox.

#8 MtuWaDarubini

Tangawizi, chai yako nitakunywa, ila hili la "kupandisha kinga" nalikataa.

Ile homa yenyewe, baridi ya kutetemesha kitanda, ni kinga ya mwili inafanya kazi. Kila baada ya saa 48 vimelea wanapasua chembe nyekundu kwa pamoja, uchafu wao unamwagika kwenye damu, chembe nyeupe zinapiga king'ora kwa kemikali, na mojawapo inaitwa TNF. King'ora kikizidi kinaumiza mwenye nyumba. Mgonjwa wa malaria kali anaumizwa na kimelea na pia na vurugu za askari wake mwenyewe. Mama mkwe wangu hajapandisha kitu. Kingamwili zake zinajua za kumkamata, na king'ora chake kimejifunza kutopigia kelele kila panya. Wodini kwetu aliyekuwa na kinga iliyopanda hadi nyuzi 40 ni shemeji.

#9 KonaYaMwisho

😂😂 Tangawizi umejibiwa na lenzi ya mia.

#10 MamaK_Singida

Kaka, samahani naomba kuuliza. Mimba yangu ya kwanza niliumwa malaria mpaka nikaongezewa damu, mtoto alizaliwa kilo 2.1. Na mimi nimekulia Geita, malaria nilishaizoea, nilikuwa naumwa mafua tu kama wengine. Ya pili na ya tatu sikuumwa hivyo. Mama yangu alisema mimba ya kwanza "inafungua njia". Kuna ukweli wowote, au ni maneno ya wazee?

#11 MtuWaDarubini

Pole sana dada. Mama yako alikuwa sahihi kuliko vitabu vya wakati wake.

Ni hivi. Umekua, umezisoma kanga zote za mtaani. Halafu unashika mimba, na mwili unaota kiungo ambacho haukuwa nacho tangu uzaliwe: kondo la nyuma. Ukuta wa kondo una sukari fulani inayoitwa kondroitini salfeti A. Ndani ya sanduku la kimelea mna kanga moja inayonata hapo na si kwingine. Mwanaume haioni maisha yake yote, na msichana haioni, kwa kuwa hakuna pa kunatia. Mimba ya kwanza ndiyo siku inayofunguliwa, na damu yako yenye uzoefu wote ule inaikodolea macho kama mgeni. Vimelea wanajazana kwenye kondo, mama anaishiwa damu, mtoto anakosa chakula, anazaliwa mdogo. Mimba ya pili mwili umeshalisoma hilo jina.

Waliogundua kunata huko ni Michal Fried na Patrick Duffy. Walitumia makondo ya kina mama waliojifungua Kisumu, wakachapisha mwaka 1996. Mwaka 2003 kikundi cha Copenhagen, Ali Salanti na wenzake, wakaipata kanga yenyewe, wakaiita VAR2CSA. Ndiyo maana kliniki wanakusimamia umeze vidonge vya SP, dawa ya kuzuia malaria, mbele yao hata kama huumwi. Vimelea wa kwenye kondo wanaweza wasionekane kabisa kwenye damu ya kidole. Nimeshapima mama, slaidi safi, na kondo lake baada ya kujifungua limejaa weusi wa vimelea.

Kuna kioja kidogo humo. Sukari ileile ya kondo ilikuja kuonekana kwenye seli za saratani za aina nyingi, na Salanti sasa anajaribu kuitumia protini ya malaria kuzisaka hizo seli. Tuiache hiyo, ni uzi mwingine.

#12 MamaK_Singida

Asante kaka. Wauguzi walinisema kwamba silali kwenye chandarua. Nilikuwa nalala. Nimesoma hii nikamsomea na mume wangu.

#13 Mnazi_Mmoja_Kilifi

Mimi niko Kilifi, nimeona mmetutaja. Mdogo wangu alikuwa kwenye ule utafiti wa watoto. Kila wiki jamaa wa utafiti anakuja na baiskeli, anamuweka kipimajoto kwapani, anaandika, anaenda. Miaka! Mama alikuwa anamwekea jamaa madafu. Sisi tulidhani anampenda dada yetu.

Swali langu: tuliambiwa kwenye mkutano wa kijiji kwamba huku kwetu kuna watu wana damu ya ajabu inazuia malaria. Ni selimundu ama ni kitu kingine?

#14 MtuWaDarubini

Karibu sana ndugu yangu, mumetutoa kimasomaso nyie. Ni vitu viwili, pengine vitatu.

Selimundu ndiyo ya zamani. Kuna daktari anaitwa Anthony Allison, kakulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka Kenya anapima damu, akaona hali ya kubeba selimundu, nusu tu, si ugonjwa wenyewe, iko juu sana pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na nyanda za juu karibu haipo. Akajiuliza pwani na ziwani vina nini cha kufanana. Mbu! Matokeo ya majaribio yake yalichapishwa 1954: wanaume 30 Waluo, 15 wabebaji na 15 si wabebaji, wote wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Wasio wabebaji 14 wakapata vimelea. Wabebaji wawili tu.

Ya pili ni ya kwenu hasa, inaitwa Dantu, ni kundi la damu. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake waliandika kwamba chembe nyekundu za Dantu ngozi yake imekazwa zaidi, kama ngoma iliyowambwa vizuri, na kimelea anashindwa kupenya. Pwani ya Kenya kama mtu mmoja katika kumi anayo. Sehemu nyingine duniani ni adimu.

Lakini hizo mbili ni kuta za nyumba, umezaliwa nazo. Kinga inayojifunza ni kitu kingine, ingawa zinasaidiana. Hukohuko Kilifi waliona mwaka 2005 kwamba faida ya kubeba selimundu inakua na umri: miaka miwili ya kwanza inamkinga mtoto kwa 20% tu, akifika miaka 10 ni 56%. Jeni ni ileile tangu tumboni, kwa nini iongezeke? Inaelekea inaupa mwili nafasi ya kujifunza haraka.

La tatu ndilo lililonifanya niache kula siku niliposoma. Mwaka 2016, maabara ya Antonio Lanzavecchia Uswisi pamoja na watu wa Kilifi walipima damu za watu wazima wa pwani ya Kenya, wakitafuta kama kuna mtu mwenye kingamwili inayotambua vimelea wengi tofauti kwa mpigo. Wakawapata wachache. Walipoifungua hiyo kingamwili wakakuta katikati yake kuna kiraka. Sehemu hiyo ya kingamwili kwa kawaida inashonwa na vipande vya jeni vilivyo kwenye kromosomu ya 14. Hii ilikuwa na kipande kizima cha protini nyingine, LAIR1, toka kromosomu ya 19. Mwili ulikata kitambaa chumba kingine ukakishona hapa!

LAIR1 kazi yake ya siku zote ni breki, iko juu ya chembe nyeupe, ikishikwa inazituliza. Kimelea ana kundi la pili la nguo, rifini, kama 150, na baadhi ya rifini zinajua kuishika hiyo breki ili askari walale. Sasa miili ya watu fulani wa kwenu ikaikata breki yenyewe na kuitia kwenye kingamwili kama chambo. Kimelea akinyoosha mkono kushika breki, kanasa. Na kwa sababu rifini nyingi tofauti zinashika palepale, kingamwili hii haihangaiki na jina la kanga. Inashika pindo.

Hakuna aliyeibuni hiyo. Miili ya wakulima wa minazi imeitengeneza yenyewe kwa kuumwa na mbu.

#15 Mnazi_Mmoja_Kilifi

Wallahi nimesimama peke yangu dukani nikapiga makofi. Wateja wananiangalia.

#16 Mpingaji_Halisi

Nyie mnapiga makofi. Mimi nimeona kitu kimoja tu: "wanaume 30 Waluo wakaambukizwa malaria kwa makusudi." Mwaka wa hamsini na kitu, Kenya ya mkoloni. Nani aliwauliza? Wazungu wanatufanya panya wa maabara toka enzi hizo mpaka leo na nyie mnaita sayansi.

#17 MtuWaDarubini

Mpingaji, swali hilo ni halali, sitalipita kando. Walielezwa ni watu wa kujitolea. Kujitolea chini ya mkoloni kuna uzito gani, kila mtu ajipimie. Leo bodi ya maadili isingepitisha utafiti ule kwa namna ulivyofanyika, na nikiitaja hesabu ya 14 kwa 2 naitaja nikijua hilo.

Ila usiseme "mpaka leo" kwa pumzi moja. Majaribio ya kuambukizwa kwa makusudi yapo bado: Bagamoyo yalianza 2012, Kilifi baadaye. Ni watu wazima, wanasaini, wanawekwa mahali wanapimwa damu kila siku, na vimelea wakifika kiwango fulani wanapewa dawa hata kama hawajaanza kuumwa. Na walioendesha wengi ni Watanzania na Wakenya. Tulichojifunza Kilifi ni kwamba watu wazima wawili wakipewa idadi ileile ya vimelea, mmoja wanampanda kwa kasi na mwingine hawaonekani hata kwa kipimo cha vinasaba. Kinga hiyo ndiyo tunayotaka kuijua imeshika wapi.

Malalamiko yangu mimi ni mengine. Damu hizi zimetoka Gambia, Kisumu, Kilifi, Muheza, Bagamoyo. Mashine za kuzifungua zikawa Uswisi na Denmark. Hapo ukisema tubane, niko na wewe.

#18 Mpingaji_Halisi

Hapo kwenye mashine tumeelewana. Kwa mengine bado nakuangalia.

#19 Baba_Wawili

Mkuu, kama wanajua yote haya mbona chanjo yenyewe ni nusu nusu? Nilisoma ile ya kwanza inazuia 36%. Si bora chandarua?

#20 MtuWaDarubini

Tumia vyote viwili. Lakini elewa 36% imetoka wapi. Chanjo hiyo ya kwanza, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto wachanga na wadogo 15,459, nchi saba za Afrika, kwetu ikiwa Bagamoyo na Korogwe. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa 36% katika miaka minne. Sehemu ambayo mtoto anaumwa mara tatu nne kwa mwaka, hizo ni homa nyingi zisizotokea. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, na chanjo ya pili, R21, Oktoba 2023; hiyo nayo ilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo.

Ugumu wake ni huu: chanjo hizi hazifundishi kanga hata moja. Zinamlenga kimelea kabla hajavaa, pale mbu anapomtema kwenye ngozi. Mbu anaacha vimelea makumi tu, na ndani ya dakika chache hadi saa moja wameshafika kwenye ini. Kingamwili zina muda huo tu. Akiponyoka mmoja, akakaa kwenye ini wiki moja, anatoka na makumi elfu ya watoto, na damu ya mtoto haijawahi kuwasoma. Ni goli la penalti bila kipa.

Kuna wanaotafuta njia ya katikati. Kila kimelea, avae kanga gani, lazima atumie ufunguo mmoja kuingia kwenye chembe nyekundu, protini ya RH5. Ufunguo huo haubadiliki badiliki. Chanjo yake imejaribiwa Bagamoyo pia, na watoto wachanga walitengeneza kingamwili nyingi kuliko watu wazima. Mimi macho yangu yako hapo.

#21 Mdachi_Mweusi

Niko Aarhus, Denmark, mwaka wa nane, natokea Kigoma. Desemba narudi na watoto wawili waliozaliwa huku. Nimesoma uzi mzima natetemeka. Mimi nina kinga kiasi gani imebaki?

#22 MtuWaDarubini

Hili ndilo swali la Mwanafunzi nililolibakiza. Kinga ya malaria hujainunua, umepanga. Kila mbu wa Kigoma alikuwa anakusanya kodi ya mwezi. Ukihama, kingamwili za kwenye damu zinapungua, maana hakuna anayezikumbusha.

Ila chumba hakivunjwi chote. Nyanda za juu za Madagaska malaria ilifyekwa karibu na miaka ya sitini, ikarudi kwa kishindo miaka ya themanini na kuua watu wengi sana. Waliochunguza waliona wazee waliowahi kuishi na malaria kabla haijafyekwa wanaumwa kidogo kuliko vijana. Miaka kama 30 imepita na chembe za kumbukumbu bado zinanong'ona. Uingereza nako walihesabu wagonjwa wa malaria waliorudi safari toka 1987 hadi 2006. Waliokwenda utalii walikufa 3%. Waliokwenda kusalimia ndugu, 0.32%. Si kinga peke yake hapo, maana anayetoka kwetu homa ya kwanza tu anaisema malaria, mtalii anaisema mafua. Lakini kinga imo.

Kwa hiyo wewe kumbukumbu inaweza kukuokoa na kaburi, haitakuokoa na wodi. Hicho ndicho kilichomkuta shemeji: vimelea wamejaa lakini siku ya pili ya dawa aliamka akaomba samaki. Watoto wako hawana hata herufi moja. Nenda kliniki ya wasafiri huko, upate kingatiba, yaani dawa za kuzuia malaria, yenu wote watatu kabla hamjapanda ndege, na chandarua mkifika.

#23 Mdachi_Mweusi

Nimepiga simu, nimepewa miadi Alhamisi. Mke wangu ametawala mazungumzo, kasema na mimi nimeze, nisijifanye mtoto wa Kigoma.

#24 Mtoto_wa_Muheza

Habari zenu. Nimejiunga leo. Mdogo wangu amenitumia uzi huu, na nimejitambua kuanzia mstari wa pili.

Shemeji, naomba kusahihisha mambo mawili. Moja, kitanda hakikugonga ukuta kwa sababu yangu, kina mguu mfupi na mama anajua. Mbili, samaki sikuomba, nililetewa. Mengine yote ni kweli, na hao vijipete ulivyonionyesha kwenye darubini nimeota usiku wake.

Swali langu ni kuhusu mama. Kama vimelea vile vitatu havimdhuru na ndivyo vinavyomkumbusha, ulimpa dawa za nini? Si umemkatia kodi?

#25 MtuWaDarubini

Shemeji! Karibu jamvini, na pole tena.

Swali hilo watu wazima wanagombana nalo. Nilimpa kwa sababu mbili. Wingi wa damu yake ulikuwa 10.1, kidogo, na vimelea wachache wanaokaa miezi wanakula damu kimyakimya. Ya pili, mbu akimuuma mama anaweza kubeba vimelea wake na, siku zikipita, kuwapeleka chumba cha pili, alikolala mgeni asiyetaka chandarua.

Na kodi usiwe na wasiwasi, mwezi huu mvua zimeanza. Mama anakusalimia, anauliza lini unarudi kumalizia pilau.

#26 KonaYaMwisho

Kwa hiyo mama ndiye aliyemuuguza, na pengine mama ndiye aliyemwambukiza 😂 Mkuu usimsomee mama mkwe huu uzi.

#27 MtuWaDarubini

Ameshausoma. Kaniletea chandarua, eti nikamfungie shemeji Norway.